Samaki Walijua Kwanza

Mwambie mwenzio kabla bahari haijamwambia. Hayo ndiyo maneno aliyoyasema nahodha wenu asubuhi ya leo alipomzuia Nasri asivae mtungi wa hewa, na wengine mkacheka, mkadhani anamtania tu mtu aliyelevywa na bahari. Si utani. Vuteni hayo makasha mkae, na wewe Nasri kunywa hiyo tangawizi taratibu, usiigugumie. Mmeniuliza methali hii imetoka wapi. Ilizaliwa hapa hapa kijijini, nami nilikuwepo. Tena nilikuwa na fungu langu katika kosa lililoizaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Matumbawe yetu ya nje, haya ya mashariki ya Mafia, yalikuwa yamefunikwa na nyavu zilizokatika, na samaki walikuwa wakinasa humo na kuoza bure. Ndipo akaja Mwalimu Kombo kutoka Pemba na mitungi yake ya hewa, akasema atafundisha vijana wanane kuzamia na kuzikata nyavu zile. Kila mmoja alipewa mwenza. Mnashuka pamoja, mnapanda pamoja, na hewa yako ikikatika, ya mwenzio ndiyo yako. Mwenza wangu alikuwa Arafa, binti wa Mzee Shaweji.

Mzee Shaweji alikuwa nahodha kwa miaka arobaini, na hakuna mtu kisiwani aliyewahi kuona bahari imemshinda. Basi Arafa alipojiandikisha, watu hawakushangaa. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, wakamwachia binti wa watu mzigo ule aubebe.

Sasa, kulikuwa na desturi moja ambayo ninyi hamkuikuta. Mtu akitapika chomboni alipewa upo, lile kopo la mti la kukumbia maji yanayoingia chomboni. Alikumba maji mpaka chombo kifike pwani, kisha akauweka upo kichwani na kupita nao kijiji kizima hadi kwao. Hakupigwa wala kutukanwa. Alichekwa tu. Lakini kicheko cha watu wanaokujua tangu utotoni si kitu chepesi, nanyi msidanganywe na yeyote anayewaambia kwamba ni chepesi.

Mimi niliubeba upo wiki ya tatu ya mafunzo. Nilikuwa nimekula mihogo ya nazi sahani nzima kabla ya safari, nikakaa karibu na mashine nikivuta moshi wake, na chombo kilipotia nanga kikaanza kuyumba pale pale kiliposimama, yote yalitoka. Nilipita na upo kichwani mbele ya baraza ya kina Shaweji, na Arafa alikuwa pale. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenza wangu! Niliingia ndani nikalia, nikajiambia kwamba na yeye siku yake itafika.

Mwalimu Kombo hakuipenda desturi ile, ila alikuwa mgeni, na mgeni hapangui nyumba ya watu. Alichofanya ni kutufundisha. Kula kidogo, lakini usiende na tumbo tupu. Kaa mbali na moshi, tazama nchi kavu, usitazame miguu yako. Ukishuka chini mara nyingi tumbo hutulia, kwa sababu mawimbi yako juu. Na lisipotulia, alisema, mpe mwenzio ishara ya mkono, kisha tapika ndani ya kipumulio hicho hicho ulichokiuma.

"Ndani yake, Mwalimu?" Arafa aliuliza, akakunja uso.

"Ndani yake. Kishikilie kwa mkono kisitoke, tapika, bonyeza kitufe kisafishike, vuta pumzi. Anayekitoa mdomoni, pumzi ya kwanza atakayovuta baada ya kutapika ni ya maji. Mwili hauulizi, unavuta tu."

Arafa alisema "ndiyo", lakini nilimwona. Alikuwa msichana aliyesuuza kikombe mara mbili kabla ya kukinywea. Hilo la kutapikia kitu kilicho mdomoni halikumwingia.

Siku ya kwenda matumbawe ya nje, kusi, ule upepo mkali wa kusini, lilikuwa limevuma siku mbili, na ingawa lilikuwa limetulia, bahari ilikuwa bado inapanda na kushuka. Tulitia nanga. Sote tulianza kujifunga vifaa, ila Arafa alikaa tu. Akapiga miayo, mara moja, mara tatu. Akawa anameza mate. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na upepo ulikuwa wa baridi.

Nilijua. Wajukuu zangu, sisemi nilishuku. Nilijua, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimepita njia ile wiki chache tu nyuma.

Nikamwuliza, "Arafa, vipi?"

"Sikulala vizuri," akasema, wala hakunitazama.

Ningeweza kumwambia Mwalimu Kombo. Alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokaa. Lakini niliutazama ule upo uliokuwa umelala chini ya ubao, nikakumbuka kicheko cha barazani, nikanyamaza. Nilitaka atapike mbele ya watu wote. Naona aibu kusema hivi mpaka leo, lakini nisiposema, methali hii hamtaielewa.

Hakutapika. Alikuwa wa kwanza kuruka majini, akitumaini huko chini atapona. Nami nikamfuata.

Tulishuka hadi kina cha kama mita kumi na mbili. Mawimbi ya siku ile yalikuwa marefu, yakafika mpaka chini. Majani ya bahari yalikwenda huku yakarudi kule, na wavu tuliotakiwa kuukata ulikwenda na kurudi nayo, na macho yako yakiutazama hayakupata mahali pa kutulia. Nilimpa ishara ya kumwuliza kama yu salama. Akajibu kwamba yu salama. Nikamwuliza tena, akajibu hivyo hivyo, upesi zaidi. Kisha akazunguka upande wa pili wa wavu, akanigeuzia mgongo.

Mimi nikashika kisu, nikaanza kukata upande wangu. Mara nikaona samaki. Kwanza wachache, wale wadogo wa manjano wenye mistari, wakapita mbele ya miwani yangu. Halafu wakaja kwa makundi, kutoka kila pembe, wote wakikimbilia upande wa pili wa wavu. Sikuelewa wanakwenda kula nini. Nilipoelewa, nikauzunguka wavu upesi. Walikuwa wakila matapishi ya mwenzangu.

Alikuwa amekitoa kipumulio ili asikichafue, na amegeuka ili nisimwone. Alitapika, akavuta pumzi, ikawa maji. Mpira wa kipumulio ulikuwa umenasa wavuni, naye akawa anapapasa bila kuuona, na alipojaribu kuruka juu, wavu ulimshika mtungi ukamrudisha. Nilimfikia akiwa amefumbua macho wazi ndani ya miwani. Macho yale nimeyaota miaka mingi. Nikamtia mdomoni kipumulio changu cha akiba, nikabonyeza kitufe, nikamshika kidevu. Akakohoa. Akatapika tena, safari hii ndani yake, nikabonyeza tena. Akapata hewa. Kwa mkono mwingine nikakata nyuzi, moja, moja, huku naye akinivuta twende juu upesi. Nilimzuia kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa anayepanda kwa pupa amebana pumzi hupasuka mapafu. Tulipanda polepole, tumekumbatiana, na samaki wakatufuata nusu ya njia.

Alilala zahanati siku nne na maji kifuani. Siku mbili za mwanzo mganga hakutuambia kama atapona.

Jioni ya siku ya pili Mzee Shaweji alikuja nyumbani kwetu. Nilimpa shikamoo, hakuijibu, akakaa mkekani.

"Binti Mikidadi," akasema, "ulijua lini kwamba mwanangu anaumwa?"

"Nilipowaona samaki, baba."

"Sikukuuliza uliona nini. Nimekuuliza ulijua lini."

Mama alikuwa mlangoni. Nilitamani aingilie, hakuingilia.

"Tangu chomboni," nikasema. "Kabla hatujaruka. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu alinicheka nilipobeba upo. Nilitaka na yeye aubebe."

Nilingoja anilaani. Mzee wa watu akainama, na aliponyanyua uso machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Mimi bahari hunilevya," akasema. "Miaka arobaini. Kila kusi likivuma, husimama tezi, kule nyuma ya chombo, peke yangu, nikawatuma mabaharia wote kwenda mbele kushughulika na kamba, nikatapika nyuma wasione. Mnadhani desturi ya upo ni ya mababu? Niliianza mimi. Nilikuwa nahodha mpya, tumbo linanisokota, kijana mmoja akatapika kabla yangu. Nikampa upo ili watu wamtazame yeye. Wakacheka sana, ikawa mila. Na mwanangu amekua akinisikia nacheka, hajaniona hata siku moja nikitapika. Angemwambia nani?"

"Baba, ningeweza kusema mimi," nikajibu. "Nilikuwa karibu."

"Ungeweza. Na mimi ningeweza miaka arobaini. Aliyeumwa alinyamaza, aliyeona alinyamaza, na aliyeanzisha alinyamaza. Samaki ndio waliosema." Akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mwambie mwenzio, mwanangu. Mwambie kabla bahari haijamwambia."

Kesho yake, mchana kweupe, watu wakiwa sokoni, Mzee Shaweji alitokea pwani na upo kichwani. Alipita kijiji kizima, polepole, mzee wa miaka sitini na ushee. Mwanzoni watu walicheka wakidhani anatania. Alisimama kila baraza akasema yale aliyoniambia mimi, bila kupunguza. Alipofika mbele ya baraza yake mwenyewe hakuna aliyekuwa anacheka tena. Akaja kuutundika upo hapa, kwenye msumari huu, akasema kwamba kuanzia siku ile hautolewi kwa mtu kama adhabu. Anayehisi kigegezi, kile kichefuchefu cha baharini, auchukue mwenyewe, na mwenza wake akae naye, hata kama chombo kizima kitachelewa kwa ajili yao.

Arafa alipona. Alipotoka zahanati alikuja moja kwa moja kwangu, akasema, "Ulinicheka moyoni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nami nilikucheka kwa mdomo," tukalia pamoja kama watoto. Bahari iliendelea kumlevya na humlevya hadi leo, ila tangu siku ile hajazamia wala kushika usukani bila kumwambia mtu hali yake kwanza. Asubuhi ya leo aliniambia mimi kabla hamjafika. Ndiyo, Nasri, mbona umekodoa macho? Nahodha wenu aliyekuzuia ni huyo huyo Arafa binti Shaweji. Alikuona unapiga miayo.

Lakini sijamaliza. Nahodha alikuwa usukanini, mbali nanyi, na bado aliiona miayo ya Nasri. Aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega, akimfunga mikanda ya mtungi, alikuwa mwenza wake. Wewe Pili, ndiwe mwenza wake, sivyo? Mbona unatazama chini? Sikugombezi, mjukuu wangu. Mahali hapo ulipokaa leo nilikaa mimi, na nilikuwa na kisa changu kama ulivyo na chako. Inuka, uteremshe huo upo msumarini, ukae nao karibu na Nasri mpaka tumbo lake litulie. Na kesho, ukimwona anameza mate, usingoje aseme, sema wewe, maana maneno haya hatukumwachia mgonjwa peke yake: mwambie mwenzio kabla bahari haijamwambia.