Masikio ya Akiba

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, bibi mmoja alimaliza kufuma skafu, akamvisha mjukuu wake wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa afanyiwe upasuaji wa mguu siku ya Alhamisi. Muuguzi alishasema kwamba ndugu hawataingia naye, ila kitu kimoja cha kushika mkononi kitaruhusiwa.

"Nzuri, Bibi," mtoto alisema. "Lakini skafu haina macho. Nani ataniangalia nikilala? Nifumie tembo."

Wapendwa, bibi huyo alikuwa amefuma skafu kwa miaka kumi na miwili, skafu tu. Kazi ya skafu unakwenda, unarudi, unakwenda, unarudi, mpaka uzi uishe. Angeweza kuifuma huku anasinzia. Sasa anatakiwa tembo, na tembo ana tumbo la duara, ana mkonga, ana masikio mawili yanayotakiwa kufanana. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Si ungekimbilia dukani ukanunua mdoli? Bibi naye aliliwaza hilo. Kisha akachukua sindano.

Sikio la kwanza likatoka kama soksi. La pili likajikunja. Mkonga ukanenepa kuliko mguu. Akaanza upya. Jirani yake, aliyezoea kufuma midoli, akaja kuchungulia.

"Shoga, kaza uzi! Hiyo si skafu. Ukilegeza, ya tumboni yatatoka nje."

"Nimekaza."

"Haya. Na umeharibu mara ngapi?"

"Mimi? Sijaharibu."

Jirani alipoondoka, bibi aliviangalia vile vilivyoharibika. Akivitupa jalalani vitaonekana. Akavishindilia vyote ndani ya tumbo la tembo pamoja na pamba, akalishona. Vifungo viwili vya shati vikawa macho.

Alhamisi asubuhi, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtoto alimpapasa tembo wake. Mkono wa bibi ulikuwa bado mkono wa skafu, uzi ulilegea. Kidole kikapenya, kikavuta. Likatoka sikio. Likafuata la pili. Jirani yupo, muuguzi yupo. Bibi akatamani ardhi immeze.

"Bibi! Ana masikio mengine tumboni!"

"Ni yale niliyoyaharibu, mama. Nisamehe."

"Hayajaharibika," mtoto alisema, akiyarudisha ndani. "Ni ya akiba. Daktari akimkata moja, anayo mengine."

Jirani akacheka hadi akajifuta machozi. Muuguzi akasukuma kitanda. Mtoto hakulia.

Ndugu zangu, sisi tunamletea Mungu skafu. Sala ile ile, salamu ile ile mlangoni, msaada ule ule tuliouzoea tangu zamani. Mara ya mwisho kuharibu kitu kwa sababu unampenda mtu ilikuwa lini? Na vilivyoharibika ulivificha wapi? Bibi alidhani anaficha aibu yake, kumbe anamjaza tembo tumbo. Basi tukitoka hapa, kila mmoja akaanze jambo moja la upendo asiloliweza. Tutakosea. Anayetungoja hatakagua masikio.

Saa saba na robo mchana kitanda kilitolewa. Mtoto alikuwa amelala. Tembo alikuwa kwapani mwake, na vifungo viwili vilikuwa vinamtazama.