Taya la Mnadi

Wahenga walinena kwamba subira yavuta heri, yaani anayengoja bila papara hatimaye huifikia neema. Ni rahisi kulisema hilo ukiwa na taya linalofunga.

La Tarumbeta, mnadi wa samani kuukuu, lilikuwa na ukaidi wake. Siku moja akinadi kabati lenye ufa, aliachama kutamka neno lake la kufungia mauzo: "Imekwe..." Kwa mara ya nne mwaka huo, kiungo cha taya kikachomoka. Kinywa kikabaki wazi kama mlango wa ghala. Wanunuzi, kwa kuwa hawakusikia "imekwenda", walidhani anangoja dau nono zaidi, wakazidi kupandishana bei. Alipopunga mikono kuomba msaada, wakaona anawachochea! Kabati bovu likapita bei ya vitanda vitatu vizima.

Taya liliporudishwa mahali pake hospitalini, bosi alimjia juu. "Baada ya wiki sita tunanadi samani za hoteli nzima. Ukikwama tena, nyundo nampa mwingine!"

Tarumbeta alinywea. Miaka ishirini riziki yake ilitoka kooni.

"Nipasue leo leo, daktari," alisihi aliporudi hospitalini.

"Hatupasui," daktari alitabasamu. "Tunachota damu yako mkononi, tunaichoma hapa mbele ya sikio, kwenye kiungo na kandokando yake. Ikiganda huacha kovu, na kovu hukaza kiungo kilicholegea."

"Sindano tu? Mimi nilikuja nimeshaaga ukoo mzima!"

"Waambie wasubiri. Kazi ngumu ni yako: wiki mbili taya limefungwa bandeji, chakula laini, kisha wiki nne bila kupiga kelele. Ukipiga mwayo, zuia kidevu kwa ngumi. Na siwezi kukuahidi kupona, wengine tatizo huwarudia."

Siku ya kumi baada ya sindano, Tarumbeta alijifungia bafuni, akafungua bomba lipige kelele, akaanza kuifungua bandeji ajaribu sauti. Mlango ukagongwa.

"Baba watoto, unaoga na bandeji?" mkewe aliuliza.

"Mmm."

"Nimeishi na kelele zako miaka yote. Basi nipe hizi wiki chache nipumzike. Toka unywe uji."

Mabega yakamcheza kwa kicheko cha puani. Akaifunga tena bandeji, akatoka. Tangu hapo alikula viazi vya kupondwa mpaka akaviota. Shemeji zake walimtania wakimwita bubu, naye akawajibu kwa kuandika matusi ya utani kwenye karatasi.

Siku ya mnada, ukumbi ulifurika. Bosi alisimama pembeni na mnadi wa akiba. Ikaletwa meza ndefu ya chakula, watu wawili wakaishindania kama majogoo. Dau likapanda, likapanda tena! Nyundo ikainuliwa juu. Mkewe, mstari wa mbele, alishika shavu lake mwenyewe. Macho yote ukumbini yakalikodolea taya lake.

"Imekwendaaaa!"

Sauti ikatikisa madirisha. Kisha kinywa kikafunga, pole pole, meno juu ya meno. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Aliyeshinda meza akasahau hata kuishangilia, akamshangilia mnadi. Bosi akamgeukia yule wa akiba: "Nenda nyumbani, kijana wangu."

"Kinachofuata!" Tarumbeta akanguruma, na mkewe akaziba masikio huku akicheka hadi machozi. Hakika, subira yavuta heri.