Jinsi Surua Alivyojifunza Kupanda Kikohozi

Zamani hizo, mtu alipoweza kukohoa bila yeyote kugeuka kumtazama, Surua alitembea kwa miguu, wajukuu zangu. Alijitanda vipele vyake vyekundu kama shuka. Watu walimwona toka mbali wakafunga milango, naye akalala njaa.

Kwenye milima ya Taita aliishi Mghoi, mama mcheshi aliyewakusanya watoto nyumbani kwake kila mavuno kuwafundisha nyimbo za ngoma. Sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya bintiye, Wakesho. Surua alisimama nje akisikiliza. Akaona watoto wanavyovuta pumzi kwa pamoja kabla ya kila ubeti, na hapo akapata akili. Alivikunja vipele akavificha, akajipunguza hadi akawa mdogo kuliko vumbi, akaingia puani mwa Wakesho na pumzi.

Kifuani, walinzi wa mwili walimkamata.

"Mgeni huyu tumpeleke ndani kwa wakubwa," wakasema, wakambeba mabegani. Lo, kumbe wanamsaidia! Huko ndani alizaana, akaenea mwili mzima, kisha akarudi kooni na kundi lake, akalitekenya koo. Wakesho akakohoa. Surua na wanawe wakaruka nje, wakaelea hewani kungoja pumzi za watoto wengine.

Hakuna aliyeshtuka. Yalionekana mafua tu na macho mekundu, na nyimbo zikaendelea. Halafu homa ikapanda. Walinzi walipogutuka na kupigana na Surua kila mahali, vipele vikajitokeza, usoni kwanza, kisha hadi miguuni.

"Mama, mwanga unaniumiza macho," Wakesho alinong'ona.

Mghoi akashusha pazia. Alimnywesha maji na uji kidogo kidogo, na kila mara mtoto aliposinzia aliweka kiganja kifuani pake kuhakikisha bado anapumua.

Asubuhi Wakesho alipodai chakula mwenyewe, Mghoi alipiga vigelegele. Katikati ya vigelegele akakohoa. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Mtoeni mtoto humo!" majirani walipiga kelele. "Atashikwa tena!"

"Siendi popote," Wakesho alijibu. "Huyu ni mama yangu."

Akabaki akimuuguza. Surua alimwingia puani tena na tena, lakini safari hii walinzi walimjua sura. "Ni wewe? Toka!" Wakamtupa nje kabla hajaketi. Majirani walishangaa: mtoto alikuwa mzima kabisa.

Mghoi akapona, na watoto wote walioambukizwa wakapona. Ngoma ikachezwa uwanjani kwenye upepo, na Wakesho ndiye aliyeongoza, mama yake akiitikia kwa sauti iliyokwaruza, watu wakifa kwa kucheka.

Na tangu siku hiyo Surua hatembei kwa miguu. Hupanda kikohozi, hutangulia yeye na vipele hufuata, na aliyemuugua mara moja hamkaribishi tena. Ndiyo maana siku hizi walinzi wenu huonyeshwa sura yake mapema, kwa sindano. Asubuhi mmelia kwenye foleni, hata mimi nimewasikia. Sasa inukeni mkacheze.