Miguu ya Einion

Mgeni usimsikize mdomo, msikize miguu.

Bibi Morfudd aliyasema hayo bila kugeuka, mikono yake miwili ikikamua jibini. Mchuuzi wa sindano alikuwa ndiyo kwanza anapotelea nyuma ya kilima. Alikuwa ameapa kwamba atakaa nao mpaka kesho, akanywa maziwa, akaondoka. Wajukuu wakacheka. Walikuwa wamepanda na ng'ombe kwenye malisho ya juu, kama wafanyavyo watu wa Welisi kila majira ya joto, na huko juu vitu vya kuchekesha ni vichache. Wakamwuliza, tangu lini miguu ikasema? Na nani aliyeanza maneno hayo?

"Mwanamke mmoja," bibi akajibu, "na siku hiyo hakuwa na nafasi ya kutunga methali. Kaeni karibu, niwaambie ilikozaliwa."

Zamani hizo mfalme wa Waingereza alikuwa ameingia nchi yetu na askari, mashoka na mafundi wa mawe. Mashoka yalifyeka misitu ili askari wapite. Mafundi walijenga ngome kule pwani, kubwa mno, mtu akiitazama shingo inamuuma. Na shayiri yetu ilichomwa shambani, kwa sababu mfalme yule alikuwa amejua jambo moja: watu wa milimani huwashindi kwa upanga, unawashinda kwa njaa.

Bondeni kwetu alikuwako mama mmoja kijana, jina lake Nesta. Mtoto wake alikuwa bado hajajua kukaa. Mumewe, Madog, alikuwa amejificha na wenzake katika msitu ulio juu ya nyumba, nao ndio waliokuwa wakivizia misafara ya chakula inayokwenda ngomeni. Nyumbani Nesta aliishi na mama mkwe wake, Efa. Macho ya Efa yalikuwa yamezimika zamani, lakini vidole vyake vilimjua kila mtu bondeni, maana hapakuwa na harusi wala matanga ambayo hakupiga kinubi.

Kinubi hicho ndicho kilichowalisha wanaume. Askari wakiwa karibu, nyumba ilinyamaza. Njia ikiwa salama, Efa alipiga, sauti ikapanda msituni, na kabla giza halijaingia Madog na wenzake walishuka kula na kuchukua mikate.

Sasa desturi ya maji. Mnaijua, lakini nairudia, maana siku hizi mnawamwagia wageni maji kama mnaosha viazi. Mtu akifika mlangoni kwetu, hatumwulizi kama atalala. Tunamletea maji. Akiacha silaha zake na kunyosha miguu ioshwe, amekuwa mtu wa nyumba ile. Watamlinda, naye hawezi kuinua mkono juu yao wala kuleta adui juu yao. Akifanya hivyo, hakuna mlango mwingine utakaofunguliwa kwake maisha yake yote. Na akiyakataa maji, basi anapita tu. Hayumo katika ulinzi wa nyumba, na nyumba haimo katika ulinzi wake.

Basi, siku moja ya mvua, alasiri, Nesta alisikia hodi. Sauti aliitambua, akakaribia kuangusha chungu. Ilikuwa ya Einion, rafiki wa Madog tangu wakichunga mbuzi pamoja. Einion alipotea kwenye mapigano ya kivukoni, nao walikwisha kumlia matanga.

Hapa niwaambie jambo ambalo Nesta hakulijua. Einion hakufa. Alikamatwa, akatiwa ngomeni, naye hakusema kitu mpaka walipomletea mkewe na binti yake mdogo; ndipo akaitoa siri ya kinubi. Jemadari wa ngome ile alimpa agizo jepesi: uende kwenye nyumba ya Madog, uombe malazi, uombe kinubi kipigwe. Ukisema hayo, mke na mtoto wako watatoka. Ukiongeza neno moja la kumwonya mtu, hutawaona tena. Na ili asiongeze, walimpa mwenzake wa kumsikiliza. Huyo alikuwa askari aitwaye Wati, aliyekaa miaka mingi katika mji wa ngome akakisikia Kiwelisi vizuri, ila kukisema hakuweza bila kujulikana. Wakamfunga kitambaa tayani kama mtu aliyepigwa rungu. Askari wengine walilala kifudifudi katika vichaka nyuma ya zizi.

Nesta alifungua mlango akilia na kucheka. Efa naye akainuka, akampapasa Einion uso mzima, akamwambia kwamba amekonda, na kwamba waliompigia kinubi cha matanga wanamdai kinubi kingine cha kufufuka. Einion alisema mwenziwe ameumizwa taya, hawezi kuongea. Akasema wamechoka, wanaomba kulala hapo.

Wati akaegemeza upanga wake mlangoni, kama alivyomwona Einion akifanya na fimbo yake, ila kisu kilibaki chini ya nguo. Akaketi kando ya susu, kitanda cha kuning'inia alimolala mtoto.

Nesta akaleta maji ya moto katika beseni la mti. Alianza na Wati, kwa kuwa ndiye mgeni zaidi. Wati alinyosha miguu upesi, akafumba macho kwa raha. Kwake yeye yalikuwa maji tu, tena ya moto, na nje kulikuwa na baridi. Nesta alipomaliza akasogeza beseni mbele ya Einion, akapiga magoti.

Einion akairudisha miguu yake chini ya ubao aliokalia.

Nesta alidhani hakuelewa, akaushika mguu mmoja. Ulikuwa na tope mpaka gotini. Einion akauvuta taratibu, akauficha nyuma ya ule mwingine. Mdomo wake wakati huohuo ulikuwa ukisema kwamba atalala hapa, na kwamba njiani alikuwa akiota mikate ya Nesta.

Kwanza Nesta aliona uchungu. Akajiuliza wamemkosea nini mtu huyu, waliyemlia kama ndugu. Kisha akainua macho, akamtazama usoni. Einion alikuwa akitabasamu, lakini kope zake zilikuwa zimelowa, na hazikuwa zimelowa mvua.

Hapo akaanza kufikiri upya. Mtu anaomba kulala, na miguu yake inasema silali. Rafiki anakataa kuwa mtu wa nyumba. Kwa nini akatae, kama si kwamba tayari amekuja na kitu ambacho mtu wa nyumba hawezi kukileta? Akamtazama huyu wa kitambaa, akaiona mikono yake: minene, haina hata kovu la baridi la mtu aliyelala msituni. Na karibu na mikono hiyo, mtoto wake amelala.

Wakati huo Efa alikuwa amekwisha kukivuta kinubi begani. Einion alikuwa amekiomba, na nani angemnyima mtu aliyetoka kaburini? Vidole vya mama mkwe vilikuwa vinatafuta uzi wa kwanza. Akiugusa tu, Madog atashuka.

Nesta alisimama. Hakukimbia. Alimwinua mtoto kutoka kwenye susu kama mama anayetaka kunyonyesha, kisha akasema, kwa sauti ileile ya kumwambia mkwewe kwamba maziwa yamechemka:

"Mama, huyu mgeni nimemwosha. Einion bado hajaoshwa."

Vidole vya Efa vikasimama.

"Kwa nini, Einion? Maji yetu yamekuwa machungu?"

"Matamu, mama. Nitalala hapa, nitakula hapa, na kinubi natamani kukisikia. Miguu ndiyo naomba iachwe."

"Ina jeraha?"

"Haina, mama."

Wati akageuza kichwa. Alikuwa amesikia kila neno, akayapima moja moja, na hakuona kosa. Mtu hataki kuoshwa miguu, ni shauri lake. Aliyoagizwa kuyasema ameyasema.

"Basi iachwe," Efa akasema. "Kinubi mtakisikia. Ila kimekaa na unyevu juma zima, ngoja nikiweke sawa. Kinubi kisichowekwa sawa ni kelele za paka."

Akachukua ufunguo wake wa kukazia nyuzi, akaanza kazi. Aligeuza kigingi, akainamisha sikio karibu na uzi, akatikisa kichwa, akageuza tena. Akahamia cha pili. Mpigaji yeyote angeona mara moja kwamba mkono wake unageuka upande usio wake. Hakuwa anakaza, alikuwa analegeza, uzi baada ya uzi, na kila uliolegea aliusifu, akisema sasa huu umeanza kunisikiliza.

Nje mwanga ulianza kupungua. Wati alikunja uso, akakuna goti. Mwishowe alinyosha kidole kwenye kinubi, akaguna kwa ukali.

"Mwenzako huyu, Einion," Efa akasema, "kauli hana, lakini amri anazo."

Einion alicheka kidogo, kicheko kilichokauka. Akamsihi tena apige, kama alivyoagizwa. Alisihi vizuri sana, mtu angemhurumia. Nesta alikuwa amesimama karibu na mlango, mtoto kifuani, akihesabu moyoni ni hatua ngapi mpaka zizini, na akijua kwamba hazimsaidii. Aliomba kitu kimoja tu, giza liingie. Kinubi kisiposikika kabla ya giza, Madog hashuki usiku huo.

Efa alipofika uzi wa mwisho, dirisha lilikuwa jeusi. Wati akachoka. Akaruka, akamsukuma kizee kando, akakipiga kinubi kwa kiganja. Kikatoa mlio wa mkeka unaokung'utwa, basi. Alikipiga tena. Ndipo akang'oa kitambaa tayani, akafungua mlango, akaita wenzake kwa lugha yake.

Waliingia wamelowa na wenye hasira, jemadari mbele. Walipindua kila kitu, wakachoma mikuki katika majani makavu, hawakupata mtu. Jemadari akamkamata Einion shingoni, akamwuliza Wati mbele ya wote: mtu huyu amesema nililomwagiza? Wati alikuwa askari, si mwongo. Akajibu kwamba aliomba malazi, aliomba kinubi, hata zaidi ya alivyoagizwa, na neno la kuonya hakulisema. Jemadari akavuta uzi mmoja wa kinubi, ukaning'inia kama utumbo wa kondoo. Akacheka kwa dharau. Akasema watu hawa wameshindwa kabisa, hata vinubi vyao vimekufa, na askari wake walikuwa wamelala kwenye tope kwa ajili ya habari za mwaka jana, za ishara isiyotumika tena.

Walichukua ng'ombe. Kinubi walikivunja wakakitia motoni, na Efa alikaa akikisikia kinavyoungua, mikono magotini. Walijaribu kuchoma paa pia, lakini mvua ilikuwa imelinyeshea mno, likatoa moshi tu. Einion walimrudisha ngomeni. Jemadari alitafuta sababu ya kutotimiza ahadi, na kwa kuwa shahidi alikuwa askari wake mwenyewe, hakuipata. Theluji ilipoanza, aliwafungulia yeye, mkewe na binti yao, maana wafungwa nao hula.

Lakini hatari ya Einion ilikuwa bado mbele. Habari zilikuwa zimefika msituni kabla yake, kwamba Einion ndiye aliyemleta adui nyumbani kwa Madog na kuomba kinubi kwa kinywa chake. Alipopanda bondeni na familia yake, wanaume walimzunguka. Mmoja alikwisha kuandaa kamba. Madog mwenyewe hakumtazama. Alisema maneno machache tu, kwamba mtoto wake alikuwa amelala hatua moja kutoka kwenye kisu cha Mwingereza.

Einion hakujitetea. Aliwaambia kweli, kwamba aliyasema yote.

Ndipo Nesta akapita katikati ya wanaume, mtoto mgongoni. Haikuwa kawaida mwanamke kijana kuingia kwenye shauri la namna hiyo, na mmoja akamwambia arudi jikoni. Hakurudi.

"Mume wangu," akasema, "ninyi mliletewa maneno yake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya miguu yake. Maji yalikuwa ya moto na miguu yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi, naye akaificha. Alijua kwamba akioshwa, nitamwamini. Mke na mtoto wake walikuwa mkononi mwa adui, mdomo haukuwa wake tena. Kilichobaki chake ni miguu, na hiyo akakupa wewe. Kama unataka kumnyonga kwa maneno yake, kwanza niambie nani aliyekuzuia usishuke siku ile."

Madog akachukua kamba mkononi mwa yule mtu, akamfungia nayo Einion mzigo wa kuni, akamwambia aupeleke nyumbani kwake, mkewe na binti yao wanaona baridi.

Vita hatukushinda, wajukuu zangu. Ngome ile ipo, mnaiona mkishuka sokoni. Lakini wale wanaume waliishi, wakazaa, na kila mmoja alikwenda na maneno ya Nesta nyumbani kwake, akayafupisha, kwa sababu wanaume hawana subira ya maneno marefu. Yakawa haya mnayoyasikia. Mtu akikuapia, mwache aape. Akikulaani, usiwe mwepesi wa kukasirika. Tazama anachofanya na kile kilichobaki mikononi mwake, hata kiwe kidogo namna gani. Hapo ndipo anaposema.

Wajukuu walikuwa wameacha kucheka. Bibi Morfudd akaligeuza jibini, akalikamua upande wa pili.

Mgeni usimsikize mdomo, msikize miguu.