Maji Tumboni mwa Bunju

Nyinyi mnaomcheka samaki bunju akivimba, chekeni mmalize, kisha mtulie. Zamani bahari haikuwa na bunju. Ilikuwa na maharamia, na miongoni mwao msichana aliyeitwa Zuwena. Kwa kupiga mbizi, wanaume wote wa chombo kile walikuwa watoto kwake, na mwenye ubishi aende akabishane na mawimbi.

Merikebuni mwao mlikuwa na mwiko: hasira haisemwi baharini. Bahari ikisikia neno la hasira, humchukua aliyelisema. Kwa hiyo mtu akikasirika, alipewa kata ya maji ya chumvi, akanywa, akanyamaza. Wakifika nchi kavu, aliyatapika mchangani, akasema yote yaliyomkaa rohoni, na mabaharia wakaamua nani ana haki. Hata nahodha hakuweza kuipinga hukumu hiyo.

Siku moja Nahodha Dadi aliahidi mbele ya wote kwamba atakayekata kamba ya nanga ya merikebu nyekundu ya Sultani, merikebu ile itakuwa yake. Zuwena aliitaka kuliko uhai. Tangu utoto alikuwa akitumwa na kila mwenye miguu. Mwenye merikebu hatumwi na mtu. Akajitosa katikati ya mishale, akaikata kamba, na merikebu ikaelea ovyo mpaka ikatekwa. Muda wote huo Kombo, mtoto wa nahodha, alikuwa nyuma ya mapipa akitapika kwa woga.

Kulipokucha, usukani wa merikebu ile akapewa Kombo.

“Nahodha, ile ni…” Zuwena alianza.

“Mpeni binti kata,” Nahodha Dadi akasema. “Naona uso umemwiva.”

Zuwena akanywa. Tukifika kisiwani, akajiambia, tutaonana.

Walipofika, nahodha akamshika bega kwa upole. “Wewe mwanangu una macho makali. Baki ulinde chombo.” Wenzake wakashuka, yeye akabaki na maji yake tumboni. Kisiwa kilichofuata, hivyo hivyo, na kingine tena. Dadi alijua kwamba msichana akikanyaga mchanga tu, merikebu itarudi kwake. Na mabaharia walijua. Majitu yenye ndevu na majambia yalikaa yakitazama vidole vya miguu. Kupora mali za watu, hodari; kusema neno moja la haki, waoga.

Tumbo la Zuwena likakua, na Kombo hakukosa la kusema.

“Dada, mimba hiyo ni ya papa au ya nyangumi?”

Wakacheka. Zuwena akaletewa kata nyingine.

Mwishowe Kombo akachukua kijiti, akamchokoa tumboni kama mtu anayepima embe. Ngozi ya Zuwena ikatuna, ikatoa miiba mwili mzima. Kicheko kikakatika. Nahodha akamnyooshea kata mwenyewe.

Zuwena akaimwaga.

“Sinywi,” akasema. “Merikebu ile ni yangu, na wewe Dadi ni mwizi usiye hata na haya ya wezi. Nanyi mlioniona nikiikata kamba, ndimi zenu mnazihifadhia nani?”

Bahari ikasikia. Wimbi likapanda, likamchukua. Lakini halikuweza kumzamisha, kwa kuwa hasira ile ilikuwa nyingi mno kwa kaburi moja. Bahari ikamgawa yeye na hasira yake, ikafanya samaki wengi, kila mmoja na miiba yake na fungu lake la uchungu.

Kesho yake Nahodha Dadi akavua samaki wa duara, mnono. Akala na mwanawe, wengine wakaambulia harufu. Midomo ya baba na mwana ikafa ganzi, kisha ndimi. Dadi alitaka kutoa amri, sauti haikutoka. Walikufa macho wazi, wakiwasikia mabaharia wakisema, sasa, yote waliyoyanyamazia.

Na tangu hapo bunju akichokozwa hunywa maji akavimba, na nyama yake haina msamaha. Akitupwa mchangani huyatapika yale maji, akakoroma kama mtu anayetafuta neno la kwanza. Wavuvi humrudisha majini mbio mbio. Watakwambia wanaogopa sumu. Waongo hao. Wanaogopa atamaliza kusema.