Nani Alimlaza Kababu?

Ka!

Ubao mmoja tu wa kitanda, na usiku mzima ukaharibika. Tusekile alikuwa amezunguka chumba tangu saa mbili, mtoto mgongoni, hatua saba kwenda, hatua saba kurudi. Akafungua kanga taratibu, akamshusha taratibu, akaondoa mkono kidole kimoja kimoja. Ka! Mtoto akafumbua macho, akakuta godoro badala ya mgongo, akalia mpaka mbwa wa jirani naye akaanza.

Hivyo kila usiku, miezi saba. Na Jumatatu iliyofuata likizo ya Tusekile, iliyokwisha kuongezwa, ilikuwa inaisha. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na zamu aliyopangiwa ilikuwa ya usiku. Mkuu wake alishasema wazi: asipofika, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Sasa wajueni watu wa nyumba hii, huko chini ya Mlima Rungwe, ambako mvua hainyeshi tu, inahamia.

Ipyana, mume wa Tusekile, alifuga nyuki. Alikuwa na mkono. Aliweza kuuingiza ndani ya mzinga, akauacha humo umetulia mpaka nyuki wakausahau.

Subilaga, wifi wa Tusekile, alisuka mikeka. Alikuwa na jicho. Aliliona kosa kwenye ukili likiwa bado halijafika kwenye mkeka.

Mama mkwe alikuwa na sikio. Ng'ombe akilia zizini, yeye akiwa jikoni angekwambia: huyo ana kiu, huyo anajisemea tu.

Na Tusekile alikuwa na sauti. Kata nzima ilijua. Uchungu wa mzazi ukizidi, Tusekile huinama karibu na sikio lake, humwita kwa jina mara moja, naye mzazi hupata pumzi.

Lakini mwanawe mwenyewe hakuweza kumwita. Mtoto alipewa jina la babu yake, na katika nyumba ile mke hatamki jina la baba mkwe, hata likiwa la mtoto anayemnyonyesha. Humpisha njiani, humgeuzia mgongo wakikutana uani, na siku ulimi ukiteleza hulipa kuku. Kwa hiyo wengine walimwita mtoto kwa jina lake, yeye akamwita Kababu, yaani babu mdogo.

Asubuhi ya usiku ule, mzee, baba mkwe, alikaa uani akazungumza na jogoo, maana na mkwewe hasemi naye uso kwa uso.

"Mwambieni mama wa wajina wangu kwamba usiku nimesikia."

"Amekusikia, yuko hapa hapa," alisema mkewe.

"Mwambieni atakayemwezesha wajina wangu kulala mwenyewe, kitandani kwake, bila kubebwa wala kuwa na ziwa mdomoni, nampa yule ndama jike mwenye doa. Ila asiachwe alie mpaka achoke. Huko si kulala, ni kukata tamaa."

Subilaga akaanza. Alimtazama mtoto siku nzima, na jioni akamshika Tusekile mkono.

"Wifi, wewe unamchelewesha! Ona, anavuta sikio. Usingizi umeshabisha hodi. Ukingoja apige miayo mitatu, umeshaondoka zake."

Tangu hapo mtoto alinyonya mapema, akaogeshwa, akalazwa angali macho.

"Alale akijua yuko wapi," alisema Subilaga, "ili akishtuka asijiulize."

Alilia, lakini kilio kilikuwa kifupi kuliko cha jana. Hapo ukaingia mkono wa Ipyana. Usiku wa kwanza aliuweka wote juu ya kifua cha mtoto. Wa pili, vidole viwili. Wa tatu, akauweka kando ya mtoto bila kumgusa. Wa nne, alikaa kwenye kigoda mlangoni.

"Hata nyuki hawapendi mkono unaoondoka ghafla," alimwambia mkewe.

Katikati ya wiki ile mtoto alinung'unika gizani. Tusekile akaruka. Mama mkwe akamdaka upindo wa kanga.

"Kaa."

"Mama, analia!"

"Halii. Anashusha mzigo wa siku yake. Akilia, mimi ndiye nitakayetangulia."

Wakakaa. Tusekile aliuma kucha zote za mkono wa kushoto. Manung'uniko yakapanda, yakashuka, yakaisha. Usiku uliofuata yeye hakusikia kitu chochote cha ajabu, lakini mama mkwe alishatupa blanketi. "Huyo sasa anaita!" Kweli, alikuwa amelowa, anatetemeka.

Jumapili jioni Kababu alilazwa macho wazi. Akaitazama dari, akashika ncha ya shuka yake, akalala. Peke yake. Hata ubao haukusema.

Mzee alikuwa uani, kamba ya ndama mkononi, mgongo wake umeuelekea mlango ili mkwewe atoke kwa amani. Watatu wakamzunguka.

"Bila jicho langu mngekuwa bado mnambeba," alisema Subilaga.

"Jicho ndilo lililokaa kwenye kigoda mpaka miguu ikafa ganzi?" aliuliza Ipyana.

"Nyamazeni nyote! Miaka thelathini nakamua ng'ombe wa mtu mwingine. Huyu mmoja ni wangu."

"Mama, wewe ulichofanya ni kumzuia mtu asiingie!"

"Na wewe ulichofanya ni kukaa! Hata chungu kinakaa!"

Sauti zikapanda. Na ndani, mtoto akaamka.

Wakakimbilia mlangoni. Subilaga akatazama: usingizi bado ulikuwa machoni pa mtoto. Ipyana akaweka mkono, mtoto akausukuma. Mama mkwe akatega sikio, akanywea.

"Anaita. Ila hatuiti sisi."

Tusekile alisimama kizingitini. Miguu yote miwili ilitaka kuingia. Akimbeba, wiki nzima inamwagika, na kesho saa hizi atakuwa zahanati. Akinyamaza, kilio kinazidi. Mikono haikuruhusiwa. Ziwa halikuruhusiwa. Nyuma yake, hatua nne tu, mzee alikuwa amesimama na kamba yake.

Akavuta pumzi, kama anavyowaelekeza wazazi. Akaita kwa sauti ile ya zahanati, isiyo kubwa, isiyo na haraka.

"Anangisye."

Jina la baba mkwe, naye akisikia.

"Anangisye, mwanangu. Nipo. Lala."

Kilio kikakatika. Mtoto akashusha pumzi ndefu, akapapasa, akaipata ncha ya shuka, akalala.

Uani, kamba ikaanguka chini.

Basi wewe uliyesikiliza, amua. Jina lile babu mwenyewe alikuwa amelitaja mara mia, na mtoto hakulala. Wiki nzima ya jicho, mkono na sikio ilifika mwisho wake usiku ule, ikakwama. Lakini bila wiki hiyo, sauti ingemkuta mtoto asiyejua kulala. Na kesho usiku sauti yenyewe haitakuwepo. Nani aiokote kamba? Na huyu aliyelitaja jina, apewe ndama, au alipe kuku?

Sema unavyoona, ila sema polepole. Mtoto amelala.