Ukuta wa Bi Muhanga

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mijusi wakatamani viatu. Mto ulibaki mchanga mtupu, na mnyama aliyetema mate aliitwa mbadhirifu. Mbuga nzima ilibakiwa na maji mahali pamoja tu: ndani ya shimo walimoishi Bi Muhanga na Bwana Fisi.

Shimo hilo, ubavuni mwa kilima, lilichimbwa na Bi Muhanga, yule mla mchwa mwenye pua ndefu na kucha ngumu kama majembe. Alichimba ukumbi, akachimba chumba, na sakafuni mwa chumba akakuta chemchemi, kikajaa kidimbwi cha maji baridi. Fisi naye alisimamia kazi akiwa amelala mlangoni. "Chimba, mpenzi, chimba," alisema, kisha akapiga miayo.

Walikaa miaka sita bila ndoa. Muhanga aliitaka ndoa hiyo, tena sana! Mara tatu Fisi aliondoka na mbuzi wa mahari kwenda kwa wazee wa Muhanga, na mara tatu akafika ukweni na kamba tupu mkononi. "Mbuzi kanipotea njiani, wazee wangu," alisema huku akicheua. Wazee wakachoka kungoja. Muhanga, maskini, akazoea.

Maji yalipoadimika, Fisi akaona bora awe nayo peke yake. Asubuhi moja akasema, "Bi Muhanga, mimi na wewe basi. Funga virago."

"Niende wapi? Nyumba hii nimeichimba kwa kucha zangu!"

"Kwani nilikuoa? Wewe si mke wangu. Wewe ni mpita njia uliyekaa sana."

Mpita njia! Neno hilo lilimchoma Muhanga kuliko kiu. Alilia, akajifuta pua, na kwa pua ile kazi hiyo ilichukua muda. Alipomaliza akaenda kushtaki kwa Simba.

Simba, mfalme wa mbuga, alikuwa na kiburi cha kuwatosha wafalme wawili. Alisikiliza kesi huku karani wake Sungura akimchana manyoya ya shingo.

"Nani alichimba?" akauliza.

"Mimi," alisema Muhanga.

"Mimi," alisema Fisi, akificha makucha yake laini.

Simba hakuwahi kushika udongo maishani mwake, lakini hakutaka kuonekana hajui. "Mtagawana!" akanguruma. "Fisi ndiye dume, agawe yeye. Na mfalme hasemi mara mbili."

Fisi alicheka mpaka mate yakamdondoka. "Mlango wangu. Ukumbi wangu. Chumba changu na kidimbwi changu. Ila mimi si mchoyo jamani! Bi Muhanga, chukua ukuta wa nyuma."

Wanyama waliokuja kusikiliza kesi wakaguna. Muhanga alipofungua mdomo apige kelele, Sungura akamsogelea na kumnong'oneza, "Shangazi, wewe ukipata ukuta huwa unaufanya nini?"

"Nitaufanya nini? Nauchimba."

"Haya basi."

Muhanga akafunga mdomo. Akafikiri polepole, maana ndivyo alivyoumbwa, kisha akasema, "Mfalme, nakubali. Ila Fisi aape: kilicho mbele ya ukuta ni chake, kilicho nyuma ya ukuta ni changu, milele."

"Naapa mara saba!" alisema Fisi. "Nyuma kuna udongo mtupu. Kula ushibe!"

Muhanga akazunguka kilima, akaanza kuchimba upande wa pili, chini kabisa, kuelekea ule ukuta wake. Wakati huo Fisi alikaa mlangoni akiwafukuza wenye kiu. "Hii nyumba ya mtu!" aliwafokea hata ndege.

Siku ya tatu Muhanga akaufikia mkondo wa ile chemchemi, chini ya usawa wa kidimbwi. Maji nayo hayamjui dume wala mfalme, yanafuata mteremko. Yakahamia kwake yote. Kwa Fisi asubuhi kulikuwa na kidimbwi, adhuhuri kukawa na tope, na alasiri sakafu ikapasuka nyufa.

Fisi akakimbilia kwa Simba. "Mfalme, nimeibiwa maji yangu!"

"Yako wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Na nyuma ya ukuta ni kwa nani?"

Fisi akatafuta mate ya kumeza, hakuyapata.

"Uliapa mara saba mbele yangu," Simba akafoka. "Unataka mbuga inione mfalme wa maneno mawili? Nitokee hapa!"

Kwa Muhanga, Fisi alikuta wanyama wote wanakunywa. Akapenya kati yao, akalegeza sauti. "Mke wangu, mama wa nyumba yangu, nifungulie. Kiu inaniua."

Muhanga akatoa pua nje. "Mke?" alisema, na sauti ikamtetemeka kidogo, maana miaka sita ni miaka sita. "Kwani ulinioa?" Kisha akamchotea kata moja ya maji. "Sisi hapa hatumnyimi maji mpita njia. Kunywa, uende zako."

Fisi akanywa. Akaangalia nyumba, akaangalia maji, akaondoka na ile kamba yake ya mbuzi mkononi.

Mtaka yote hukosa yote.